Mtandao wa Koridoni

Mimi ndiye niliyeusambaza mtandao katika nyumba yetu. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wa ukoo wetu wana tabia ya kunitetea kabla sijashtakiwa. Si wewe, ni presha. Si wewe, ni umri. Si wewe, ni mapenzi ya Mungu. Daktari naye aliniambia kwamba mgonjwa wa presha anaweza kuanguka hata akiwa amezungukwa na watoto wake wote. Nawashukuru. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo asubuhi ile niliposimama na simu mkononi nikamwambia mwanamke mwenzangu kwamba shangazi yangu ni mzima, ilhali nilikuwa sijamwona.

Nyumba yetu iko mtaa wa Panda, mojawapo ya zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya shaba iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi kiwandani, akapewa nyumba hiyo, na humo wakazaliwa baba yangu na dada yake. Baba alitangulia. Dada yake, shangazi yangu, aliolewa, akafiwa, akarudi kwenye chumba kile kile alichozaliwa, cha mwisho kabisa kwa nyuma, ng'ambo ya jikoni. Kuta za nyumba ile ni nene ajabu. Ukipiga msumari, msumari ndio unaopinda.

Tulikuwa watu wa milango minne, yote ikifunguka kwenye korido moja ndefu. Mlango wa mbele ulikuwa wa wapangaji wetu, dereva wa lori na mke wake, Waislamu ambao asili yao ni Kasongo. Dereva tulimwona kwa nadra, maisha yake yalikuwa barabara ya Kolwezi. Mke wake tulimwona kila saa. Mlango wa pili ulikuwa wa mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi kiwandani Shituru kwa zamu, kwa hiyo akawa analala wakati watu wanapika. Mlango wa tatu ulikuwa wangu. Mimi nachapa kazi za wanafunzi: wananiletea maandishi yao ya mkono, mengine yameloa chai, nami nayageuza kuwa kitu ambacho profesa anaweza kukisoma. Mlango wa nne ulikuwa wa shangazi.

Nina jina la mama yake. Kwetu, ukiwa na jina la mtu, unakuwa mtu huyo. Kwa hiyo mwanamke yule, aliyenifunga nepi na kunichapa makofi, aliniita mama. "Mama yangu iko na hasira leo," angesema mbele ya wageni, nami ningekuwa na hasira kweli. Hasira ni mali yangu, sikuazima kwa mtu.

Modemu ililetwa na mdogo wangu. Ya kwanza iliibwa kupitia dirishani kabla haijamaliza mwezi, kwa hiyo ya pili tukaipa ulinzi unaostahili. Sebuleni kuna kabati la chuma ambalo babu alilipata kwenye karakana ya kampuni, lenye mlango wa wavu na kufuli. Tukaiweka humo. Shangazi akaipima kwa macho, akaingia chumbani kwake, na baada ya siku mbili akatoka na kitambaa alichokifuma kwa uzi mweupe, chenye maua pembeni, akaifunika nacho. Televisheni yetu ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una sketi.

"Kintu ya mu nyumba haikalake uchi," alisema.

Basi mtandao ukawa umefungwa kwa kufuli na kuvikwa nguo, na sisi tukalalamika kwamba ni dhaifu. Haukufika chumba chochote. Ulichungulia tu kupitia mlango wa sebule na kuangukia katikati ya korido, mahali pa hatua tatu hivi, kati ya mlango wangu na wa mdogo wangu. Hapo ndipo tulipokaa. Shangazi na kigoda chake. Mke wa dereva na mkeka wake, na sinia la mchele au maharage ya kuchambua. Mdogo wangu akisimama ameegemea ukuta, mguu mmoja juu, amevaa bado viatu vya kazi. Mimi nikiwa na kompyuta magotini. Kila mtu na simu yake, na kila mtu akisikia mambo ya mwenzake. Tulijua mama mkwe wa mke wa dereva anaumwa nini. Tulijua mdogo wangu ana msichana mtaa wa Kikula anayemwandikia kwa herufi kubwa tupu. Shangazi alikuwa na binti yake mmoja tu, aliyeolewa Mbuji-Mayi, na walizungumza kwa kupeana sauti zilizorekodiwa, ndefu, shangazi akiinua simu mbele ya mdomo na kupiga kelele kana kwamba Mbuji-Mayi iko ng'ambo ya uwanja.

Na kulikuwa na presha. Hili lazima niliseme hapa, maana tulilijua sote. Miaka miwili kabla, hospitalini, walimpima mara tatu wakidhani mashine imeharibika. Daktari alituita mimi na mdogo wangu pembeni akatuambia tumtazame kila siku kwa macho yetu. Mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukilegea, tusingojee hata kunywa maji, tumlete mara moja, kwa sababu katika ugonjwa huo kila saa inayopita inaondoka na kitu. Tukaahidi. Na ahadi hiyo ilikuwa rahisi kuitimiza bila hata kuikumbuka, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa koridoni mbele yetu kutwa nzima akipiga kelele.

Siku niliyokasirika nilikuwa na kazi ya mwanafunzi ya kutuma. Faili lilikuwa zito, mtandao ukalivuta mpaka karibu na mwisho, ukaliachia. Nikaanza upya, likaachiwa tena. Kando yangu shangazi alikuwa anamweleza binti yake namna ya kutengeneza matembele, na kila mara ujumbe ukikataa kuondoka alianza maelezo yote toka kuchuma majani.

"Tantine," nikamwambia, "nitakuwekea réseau mpaka mu kitanda yako. Hautakuya tena kukaa huku."

Alinitazama. Hakukasirika.

"Nani alikuambia ninakaakaka huku juu ya réseau?"

Mke wa dereva akacheka, mdogo wangu akacheka, nikadhani kusema kwamba hakai pale kwa ajili ya mtandao ni utani wake wa kawaida. Nilirudi kulitazama faili langu.

Fundi niliyempata alikuwa mzee wa Kikula ambaye zamani alitunza simu za mezani za kampuni. Alikuja na begi la ngozi lililochanika na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoona kabati la chuma, kufuli, na kitambaa cha maua, aliketi kwenye kiti akacheka mpaka akavua miwani.

"Mulikamata réseau, mukaitia mu cachot!" alisema, kama mtu anayemtetea mfungwa. "Ilikosa nini?"

Alinielewesha kwa subira. Mawimbi hayapendi chuma, hayapendi kuta nene, yanapenda kukaa juu yakaona mbali. Kisha akatembea nyumba nzima na simu yake mbele kama mtu anayebeba mshumaa, akisimama kila mlango, akigonga ukuta kwa kidole, akiandika kwenye karatasi. Aliitoa modemu kabatini akaitundika juu kabisa ya ukuta wa korido, uchi. Akapitisha waya chini ya dari mpaka nyuma, na juu ya mlango wa shangazi akafunga kisanduku cha pili, cha kupokea mawimbi na kuyatupa chumbani. Kazi ilichukua siku moja tu.

Shangazi alikunja kitambaa chake akakitia mfukoni mwa aproni.

Kabla hajaondoka, mzee yule alinionyesha kwenye simu yangu ukurasa ambao sikuujua. Ulikuwa na orodha ya simu zote zilizounganishwa nyumbani, na kando ya kila moja nukta ya kijani ikiwa imo, ya kijivu ikiwa imetoka. Niliipenda orodha ile kuliko mtandao wenyewe. Nilizipa simu zote majina: Petit ya mdogo wangu, Mama wa mbele, Mimi, Tantine. Tangu siku hiyo niliweza kukaa kwenye meza yangu, mlango umefungwa, na kuijua nyumba nzima. Petit amerudi kutoka kazini. Mama wa mbele ametoka sokoni. Tantine yupo. Nilijiona mwenye nyumba mwenye macho makali kuliko wote waliowahi kuishi Panda.

Siku mbili za kwanza shangazi alitoka na kigoda chake kama kawaida. Aliketi mahali pale pale, simu mapajani, akitazama milango. Mke wa dereva alikuwa chumbani kwake na mafundisho ya ushonaji anayoyapenda. Mdogo wangu alikuwa kitandani na msichana wake wa herufi kubwa. Nami nilikuwa nikichapa, na kimya kilikuwa kitamu kama usingizi wa mchana. Siku ya tatu nilisikia kigoda kikiburutwa kurudi chumbani. Nilifurahi. Naandika neno hilo kama lilivyokuwa: nilifurahi.

Sasa niseme kuhusu salamu. Kwa watu wetu wa Kasai, huwezi kunywa chai kabla hujamwamkia mkubwa. Unakwenda mlangoni, unagonga, unaingia, unainama kidogo, unakutanisha viganja, unasema "moyo," neno ambalo kwa lugha yetu ni salamu na pia ni uhai. Mkubwa haitikii tu akakuachia uende. Anakueleza alivyolala. Mguu ulifanya nini, mgongo ulisema nini, nani alikuja ndotoni na alivaa nguo gani. Wewe umesimama tu. Chai inapoa. Kwa shangazi salamu haikupungua robo saa, na ilipofika kwenye ndoto za babu, hesabu nusu saa.

Mtandao ulipofika kitandani kwake, nilianza kumwamkia kwa simu. Nilijiambia ni kwa siku zenye kazi nyingi tu. *Moyo wenu, tatu mukaji. Mulilala muzuri?* Tatu mukaji, baba wa kike, ndivyo lugha yetu inavyomwita shangazi. Siku ya kwanza hakujibu. Siku ya pili hakujibu. Siku ya tatu ilikuja sauti yake, dakika nne nzima, mguu, mgongo, ndoto na kila kitu. Niliisikiliza yote. Siku ya nne niligundua kwamba ukigusa alama fulani, sauti inakwenda mbio mara mbili. Shangazi yangu akawa anaongea kama kifaranga. Nilicheka peke yangu chumbani. Wiki iliyofuata nilikuwa nasikiliza kifaranga kwa nusu dakika ya mwanzo tu, nikielewa kwamba amelala salama, nikimrudishia kidole gumba cha kumkubalia.

Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na mdogo wangu alinisema mara moja tu, akiwa anafunga viatu.

"Yaya, uko naenda kusalimia Tantine?"

"Kila siku," nikamjibu.

Na sikuwa nasema uongo, kwa jinsi nilivyolielewa neno lenyewe wakati ule. Yeye mwenyewe, kwa ajili ya zamu, alikuwa anamwona siku ya mapumziko. Mke wa dereva ndiye aliyemfikishia chakula, lakini tangu kila mtu ajifungie alikuwa anaacha sahani juu ya meza ndogo mlangoni, anagonga, anaondoka. Hivyo ndivyo watu watatu wanavyoweza kumtazama mgonjwa mmoja bila kumwona.

Asubuhi ile, ilikuwa siku ya katikati ya wiki, nilimtumia salamu nikaanza kazi. Sauti yake haikurudi. Sikushangaa, wakati mwingine alichelewa. Ya jana yake nilikuwa nimeisikiliza kifaranga sekunde chache tu, nikaikata kwa sababu mwanafunzi alikuwa mlangoni. Saa nne mke wa dereva aligonga kwangu. Alisimama na taulo begani, hakuingia.

"Dada, ulishamuona Tantine leo? Sikusikia akikohoa. Sahani ya jana iko palepale."

Nilikuwa katikati ya sentensi ya mtu mwingine. Sikuinuka. Nilichukua simu, nikafungua ile orodha, nikamgeuzia kioo aone.

"Eko. Angalia. Hii kintu ya majani kibichi, ni yeye. Eko connectée."

Aliinama akatazama nukta. Mwanamke yule alijua kuchambua mchele kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, jiwe dogo lisingempita. Lakini mimi ndiye msomi wa nyumba ile, na alikuwa mpangaji, na tumezoea kumwamini mwenye mashine.

"Sawa, kama eko," alisema, akarudi kwake.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Kutoka kitini mwangu mpaka mlango wa shangazi ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu.

Saa saba umeme ulikatika. Kompyuta ina betri, lakini modemu haina, na bila mtandao sikuweza kumaliza. Nikafungua mlango nikatoka koridoni kunyoosha mgongo. Mdogo wangu alitoka naye, amevimba macho kwa usingizi, kupaza sauti kama watu wote wa Panda: "Courant iliondoka!" Mke wa dereva akatoka na mkeka wake. Tukajikuta watu watatu katikati ya korido, mahali petu pa zamani, na kwa muda mfupi ilikuwa raha kuonana. Mdogo wangu akaegemea ukuta wake. Mke wa dereva akatandika mkeka, akauacha upande wa kushoto wazi, upande wa kigoda. Sote tukapatazama pale palipo wazi. Mdogo wangu ndiye aliyeanza kukimbia.

Shangazi alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, amelalia mkono wa kushoto. Kitenge hakikufungwa, kilikuwa kimemzunguka miguuni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, kama daktari alivyotuonyesha siku ile kwa mdomo wake mwenyewe. Macho yalikuwa wazi na yalituona. Simu ilikuwa juu ya kitanda, imechomekwa kwenye chaji, nzima kabisa.

Jirani alitusaidia kwa gari. Hospitalini daktari, mwingine, kijana, aliuliza swali moja.

"Ilianza saa ngapi?"

Mdogo wangu alinitazama. Mke wa dereva aliitazama sakafu. Daktari akarudia taratibu, akidhani hatujaelewa: ilianza saa ngapi, maana dawa zinategemea saa. Mimi, ambaye nilijua dakika ambayo mdogo wangu aliingia nyumbani, dakika ambayo mke wa dereva alikwenda sokoni, sikujua. Niliitoa simu mfukoni, kwa mazoea tu. Kisha nikairudisha.

"Hatuyue," alisema mdogo wangu.

Shangazi aliishi siku tisa. Hakusema tena neno. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kuingia wodini. Niliinama, nikakutanisha viganja, nikasema moyo, tatu mukaji, kisha nikasimama robo saa nzima, kama inavyotakiwa, nikingoja anieleze mguu na mgongo na ndoto. Alinibana kidole kwa mkono wa kulia. Siku ya tisa hakubana. Binti yake wa Mbuji-Mayi alikuwa bado yuko njiani, na alipofika alinishukuru kwa kumtunza mama yake. Alinishukuru mbele za watu, kwa magoti. Sikuwa na mahali pa kuutia uso wangu.

Matanga yalijaa. Mikeka ilitandikwa kuanzia mlango wa mbele mpaka wa nyuma, korido haikupitika, na watu waliimba na kulia na kupika. Siku ya pili vijana wa ukoo wakaanza kuniuliza namba ya siri ya mtandao. "Yaya, réseau ya huku iko muzuri sana," mmoja aliniambia kwa kunisifu. Nikampa. Orodha ile kwenye simu yangu ikajaa nukta za kijani mpaka ikabidi niishushe kwa kidole. Nukta ya shangazi ilikuwa katikati yao, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuichomoa simu yake kwenye chaji.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu ni zima. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Wageni walipokwisha kuondoka, nilipanda kwenye kiti nikakifungua na kukitoa kile kisanduku cha juu ya mlango wake. Mdogo wangu alinishikia kiti. Modemu tuliiacha pale juu koridoni, maana kazi zetu tunazihitaji, lakini nilitafuta kile kitambaa kwenye aproni yake, nikakifua, nikaifunika. Mtandao unapungua kidogo. Fundi wangu wa Kikula angecheka. Mke wa dereva ameurudisha mkeka, nami nachapia hapo kompyuta ikiwa magotini, na tunaposikia mtu yeyote amenyamaza muda mrefu, tunainuka kwenda kumtazama.

Sauti zake zilibaki kwenye simu yangu. Mwezi mzima sikuthubutu kuzigusa. Kisha siku moja, mchana, mvua ikipiga bati, nilikaa kitandani kwangu nikazirudisha kwenye mwendo wake wa kweli, nikaanza na ya kwanza kati ya zile nilizozikatiza. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyopumzika kati ya maneno. Mguu, mgongo, babu ndotoni amevaa koti la mvua. Na dakika ya nne, mahali ambapo sikuwahi kufika tangu siku ile ya kwanza, alicheka.

"Mama, minye najua haufikake huku ku mwisho. Kama ulifika, kuya ugonge ku mulango, niko na kintu ya kukupatia."

Nikasikiliza iliyofuata. Mwishoni: kama ulifika, kuya ugonge. Na iliyofuata. Zote. Katika moja alisema kile kitu ni karanga za kukaanga alizoniwekea. Katika nyingine alisema karanga amezila mwenyewe, lakini nije tu. Kila asubuhi alikuwa anategesha mtego wake mdogo mwishoni, na kila asubuhi nilikuwa namrudishia kidole gumba.

Ya mwisho ilikuwa ile ya jana yake, niliyoikata kwa ajili ya mwanafunzi. Ilikuwa fupi kuliko zote. Hakutaja ndoto.

"Mama, mukono ya kushoto haikuamuka leo. Ni kama si yangu. Ninashindwa kufunga kitenge, njo maana sitoke. Si mambo ya hatari, usiache kazi yako. Lakini kama ulifika huku, kuya ugonge."

Niliweka simu chini. Mvua ilikuwa bado inapiga. Niliinuka, nikafungua mlango wangu, nikampita mke wa dereva kwenye mkeka wake. Nilizipiga hatua zangu zote kumi na nne mpaka mwisho wa korido, nikagonga.